Namba Sita za Jumapili

Palikuwa na mtaa wenye watu wasahaulifu kuliko kuku. Kuku akitaga hupiga makelele mji mzima ujue alikotaga. Watu wa mtaa huo walifungua barua pepe asubuhi, na kabla jua halijafika utosini wameshasahau paswadi, wamesahau swali la kuwakumbusha paswadi, na mmoja wao alisahau kwamba anayo barua pepe, akafungua nyingine tano, zote akazisahau kwa zamu.

Bahati yao alikuwapo Mzee Namba.

Huyu alikuwa mpiga chapa tangu enzi za mashine za utepe mweusi. Miaka ishirini na saba alikaa kwenye ofisi moja akichapa barua za watu wengine: waliofukuzwa kazi, walioomba likizo ya kuzika, mabwana wakubwa waliowaandikia wenzao matusi kwa lugha ya heshima. Zote zilipita vidoleni mwake, hata moja haikuwahi kupita mdomoni. Alipostaafu alifungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akaweka kompyuta moja, mashine ya fotokopi yenye kikohozi, na benchi la mbao la watu wanne, watano wakiwa wembamba. Juu ya mlango akaandika: FOTOKOPI, KUCHAPA, BARUA PEPE.

Ndipo watu wakaanza kuja. Huyu anataka kumwombea mtoto shule, na siku hizi shule huombwa kwenye kompyuta. Yule anataka kazi, mwingine cheti cha kuzaliwa, na wote wanaambiwa: lete barua pepe. Mzee Namba anawafungulia. Sasa mashine ikifika mahali inauliza, "Weka namba ya simu, siku ukisahau paswadi tukutumie tarakimu za kukurudisha." Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Watu wa mtaa ule walibadilisha laini za simu kama mashati. Leo hii, kesho ile, kesho kutwa simu imetumbukia kwenye ndoo. Mzee akaona haya yatakuwa maji ya kuchota kwa ungo. Akaweka namba yake mwenyewe.

Aliiweka kwa wa kwanza kwa huruma na kwa wa pili kwa mazoea. Alipofika wa mia tatu na kumi na tisa, hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na njia nyingine. Na wasiojua siku waliyozaliwa aliwawekea wote tarehe mosi ya mwezi wa kwanza. Siku hiyo ikifika, pongezi za kuzaliwa za mtaa mzima ziliingia kwenye simu yake moja, na ile simu ilitetemeka mezani, ikatembea yenyewe, ikapita kikombe, ikaanguka chini na kuendelea kutetemeka sakafuni kuelekea mlangoni kana kwamba inakwenda kuzipeleka kwa wenyewe.

Basi mtu akisahau, anabonyeza "nimesahau", na tarakimu sita zinaingia kwenye simu ya Mzee. Mtu anakuja mbio.

"Mzee, zimekuja?"

"Bado. Kaa kidogo. Mtandao leo una mafua."

Kumbe zimekuja zamani. Zimo kwenye simu, na simu ameilaza kifudifudi. Anangoja mtu akae. Mtu akikaa atasema jua kali, halafu mtoto ana homa, halafu mwenye nyumba ni shetani aliyevaa saa. Akishaishiwa ndipo Mzee anaigeuza simu. "Ahaa! Hizi hapa. Arobaini na saba... kumi na mbili... themanini." Anasoma mbilimbili, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Usimcheke. Mkewe alikuwa amefariki, mwaka mmoja na ushee. Ndani ya nyumba kulikuwa na vyumba vitatu, na Mzee alikuwa akitumia kimoja na nusu. Vingine aliviachia mwangwi. Kama si watu kusahau, angeweza kumaliza juma zima bila kusikia jina lake likiitwa.

Na barua zao hakuzisoma. Angetaka angezisoma zote, kwani mwenye tarakimu sita ndiye mwenye nyumba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa kata ya mitungi mia tatu na kumi na tisa. Lakini hakuchota hata tone. Mtaa ulilijua hilo, na ndiyo maana walimwachia funguo bila kuandikiana.

Mwenye tarakimu tamu kuliko zote alikuwa binti yake. Huyo alikaa mji wa mbali, safari ya basi ya kulala njiani. Alikuwa mfamasia wa hospitali, akitoa dawa kwenye kidirisha. Barua pepe yake alifunguliwa na baba yake akiwa bado msichana wa shule, kwa hiyo namba iliyowekwa ilikuwa ileile. Kila Jumapili, saa kumi jioni, simu ya Mzee ililia mlio wa ujumbe, na dakika moja baadaye ikalia mlio wa kupigiwa.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hujambo?"

"Sijambo. Zimekuja."

"Nisomee."

Anamsomea. "Asante, baba." "Haya, mama." Basi. Mazungumzo mafupi kuliko risiti.

Yalikuwa mafupi kwa sababu. Mkewe alipougua alimshika mkono akamwambia, "Usimwambie mtoto. Ana mitihani ya kazini. Nitapona kabla hajajua." Na Mzee, mtu wa kutunza siri, akaitunza. Mwanamke hakupona. Binti alifika kaburi limeshafunikwa, udongo bado umelowa. Alisimama pale mlangoni, mkoba begani, akamwambia baba yake, "Siri za mtaa mzima unazitunza, sawa. Mimi nilikuwa mtaa?" Akarudi zake siku ya tatu. Tangu siku hiyo hawakugombana tena wala hawakupatana. Binti alianza kusahau paswadi, na Mzee akawa anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto kichwa kibovu.

*

Sasa katika mtaa huo alikuwapo mama mmoja fundi cherehani. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, leo yupo kesho hayupo. Fundi alikuwa na dada yake ng'ambo, na kila juma alimwandikia barua pepe. Aliandika yale ambayo mtu humwambia dada yake tu: kwamba mume akirudi nyumba inakuwa ndogo, kwamba mama mkwe anahesabu vipande vya sabuni, kwamba kuna siku anakanyaga cherehani si kwa kazi bali asisikie watu wanasema nini.

Siku moja dereva akapiga simu kutoka njiani.

"Mzee, shikamoo. Mama watoto ameniomba nimchukulie tarakimu zake. Paswadi imemgomea, na ana wateja, hawezi kutoka."

Mzee alimjua dereva tangu hajaota ndevu. Sauti ni yake, mke ni wake. Akaona mume na mke ni mwili mmoja, na mwili mmoja hauna barua mbili. Akasoma, mbilimbili, kama kawaida yake.

Dereva alikaa kwenye lori lake, akasoma barua za miaka miwili. Aliporudi nyumbani hakupiga mtu. Alifanya lililo baya zaidi. Watu walipokaa kula, mama yake na watoto wakiwapo, alizisoma kwa sauti, akiigiza sauti ya mkewe. Akifika penye kilio analia kwa mzaha. Fundi aliinuka, akanawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula, na kesho yake alihamia chumba cha kupanga na cherehani yake kichwani. Hakwenda kwa Mzee kugombana. Alikwenda kwenye ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu, akatoa malalamiko, akapewa namba ya jalada.

Baada ya majuma matatu akaja afisa.

Alikuwa dada mdogo tu, viatu vimejaa vumbi, mkoba umejaa makaratasi. Kwa nje pamba, lakini pamba ina mbegu ndani. Alimsalimia Mzee kwa heshima zote, akakaa kwenye benchi, akasoma: sheria mpya inasema hakuna mtu atakayeshika ufunguo wa akaunti ya mtu mzima mwenzake, hata akipewa kwa ridhaa. Siku kumi na nne. Kila akaunti iwe kwenye namba ya mwenyewe. Zikipita, chumba kitafungwa.

Muuza Mayai alikuwapo, amekuja kutafuta tarakimu zake, za pili juma hilo. Huyo mdomo wake haukuwahi kulala njaa.

"Ngoja, ngoja, dada. Hiyo paswadi ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi nikitaka kumpa Mzee nampa. Nikitaka kuiandika kwenye yai, naiandika."

"Ukiiandika kwenye yai, anayenunua yai anakununua na wewe."

Benchi likacheka. Muuza Mayai naye alicheka, halafu akakumbuka kwamba amechekwa.

"Kwa hiyo mimi sina akili ya kuchagua? Serikali imeamka asubuhi, ikaona mimi ni mtoto?"

"Hapana, mama. Nakuuliza tu. Siku ukigombana na Mzee, utamnyang'anya vipi ufunguo wako? Tarakimu za kumwondoa yeye zinakwenda kwake yeye."

Muuza Mayai alifungua mdomo. Wanasema ndiyo mara ya kwanza ulifunguka ukafungwa bila kutoa kitu.

"Mimi na Mzee hatugombani," akasema mwishoni.

"Hata fundi cherehani hakugombana naye," akajibu afisa, na hapo benchi zima likatazama sakafu. Mzee alitazama mashine ya fotokopi, kama vile inaweza kusema kitu cha kumsaidia.

*

Kesho yake, wa kwanza kabisa, aliingia Fundi. Afisa alikuwa amekaa mezani na kompyuta yake ndogo, tayari kuhamisha. Mzee akasimama. Alikuwa amefikiria maneno usiku kucha, akayapanga kama barua rasmi, na alipomwona yakatawanyika.

"Mwanangu, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani, baba. Kila mtu alidhani. Ndiyo maana sikuja kukutukana."

"Nisamehe."

"Nilikupa uniwekee. Sikukupa ugawe."

Hakukaa. Mzee alisukuma benchi kidogo kwa mguu, lisogee karibu yake, lakini hakukaa. Simu ikalia. Siku hiyo mtandao haukuwa na mafua. Mzee alimpa Fundi simu yenyewe mkononi asome kwa macho yake. Fundi alisoma, akaandika, akahakikisha mara mbili, akarudisha simu.

"Baba, nimekwishakusamehe," akasema akiwa mlangoni. "Ila sitakuachia tena kitu. Hivyo ni vitu viwili."

Baada yake wakaja wengine, arobaini, hamsini kwa siku. Chumba kilijaa kama ni siku ya kupiga kura. Kila mmoja alitoka na ufunguo wake, wengine wakitamba. Bibi mmoja wa miaka themanini aliitazama simu yake alipoletewa tarakimu zake za kwanza, akasema, "Nimeandikiwa!" akaenda kuwaonyesha majirani nyumba kwa nyumba, mpaka tarakimu zikaisha muda wake, akarudi kuomba nyingine. Mzee aliona fahari yao, naye hakuwa mtu wa kuchukia furaha ya mwenzake. Lakini kila aliyetoka alitoka na kipande cha benchi.

Juma la pili benchi likapwaya. Watu walipita barabarani wakainua mkono: "Mzee, hujambo!" Anajibu, "Sijambo, karibu!" Wanasema, "Asante, siku nyingine!" na miguu haipunguzi mwendo. Fotokopi bado walitoa, lakini fotokopi ni kama chafya, ikishatoka imetoka. Hakuna mtu anayekaa kusubiri chafya. Muuza Mayai alikuja mara moja bila shida yoyote, akakaa, akatafuta la kusema, akasema jua kali. Mzee akasema ndiyo, kali. Kwa miaka yote walikuwa wakizungumza huku wakingoja kitu, na sasa hapakuwa na cha kungoja. Muuza Mayai akasema mayai yake yako juani, akaondoka.

Siku ya kumi na tatu Mzee aliandika orodha ya mwisho ya kumpa afisa. Majina mia tatu na kumi na nane, kila moja na alama ya vema. Aliichapa kwa unadhifu, akaipiga mhuri, akaitia kwenye bahasha. Mtu aliyechapa barua miaka ishirini na saba bila kukosea herufi alikosea jina zima moja, na alijua alichokuwa akifanya.

*

Siku ya kumi na nne iliangukia Jumapili. Afisa alikuja hata hivyo, kwani Jumapili ndiyo siku watu wako nyumbani, asije akaachwa mtu. Alipokea orodha, akasoma, akaridhika. Akaomba simu ya Mzee aitazame kwa mara ya mwisho, ahakikishe hakuna tarakimu za mtu zinazoingia bado.

"Saa ngapi sasa hivi?" Mzee akauliza.

"Kumi kasoro mbili."

"Basi itazame kesho. Leo imechoka."

"Simu imechoka, mzee?"

"Ni ya zamani. Ikifika saa kumi hupenda kupumzika."

Afisa alikuwa bado anatabasamu simu ilipolia mkononi mwake. Tarakimu sita, na jina la akaunti ambalo halikuwamo kwenye orodha.

"Mzee, huyu nani?"

"Ni mwanangu."

"Mbona sikumwona kwenye orodha?"

"Karatasi iliisha."

Nyuma yake ukutani yalikuwa yamepangwa mabunda ya karatasi kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Afisa alizitazama, akamtazama Mzee, na kwa adabu yake akarudisha macho kwenye simu. Mzee siku zote macho yake yaliruka maneno yakatua kwenye tarakimu, kama ndege anayejua punje iko wapi. Afisa alisoma maneno. Halafu akapanda juu, ujumbe wa Jumapili iliyopita, na ya kabla yake, na ya kabla yake, na uso wake ukaingia wasiwasi.

Simu ikalia ya kupigiwa. Spika ya sikioni ya ile simu ilikufa siku nyingi, ikawa haisikiki ila kwa sauti ya chumba kizima.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hujambo?"

"Sijambo. Zimekuja. Lakini mama, leo nina mgeni. Mtu wa serikali."

Afisa akajieleza, kwa upole, sheria na siku kumi na nne. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi ni mtu mzima. Nina miaka thelathini na miwili. Nimechagua baba yangu ashike namba yangu. Nani amelalamika?"

"Hakuna aliyelalamika kwa upande wako."

"Basi niache. Wanaotaka kulindwa walindwe. Mimi sitaki."

"Dada, ridhaa haitoshi. Mke anaweza kuambiwa na mumewe aseme 'nimeridhia', akasema. Nikiwaruhusu wanaosema ndiyo, nitamjuaje aliyelazimishwa?"

"Huyo ni baba yangu, si mume wa mtu."

"Sheria haijui nani baba, nani mume."

"Basi sheria ni mjinga."

"Ndiyo, haijui mtu," afisa akasema, na sauti yake ilishuka kidogo. "Ikianza kujua watu itaanza kupendelea. Lakini kuna jambo jingine, na hili ni kwa usalama wako. Naona hapa kila Jumapili saa kumi kuna mtu anabonyeza 'nimesahau'. Mara sitini na moja. Mtu hasahau paswadi mara sitini na moja, tena kwa saa. Huenda kuna mwizi anaichezea akaunti yako. Unafanya kazi gani?"

"Mfamasia," Mzee akamjibia.

"Mfamasia anakariri majina ya dawa mia ngapi?"

"Hakuna mwizi," binti akasema.

"Una hakika? Kwa sababu hapa inaonekana..."

"Ni mimi. Nimesema hakuna mwizi, ni mimi. Paswadi ninaijua." Pumzi ilisikika kwenye spika. "Hivi dada, umekuja kulinda siri za watu, siyo? Na hii haikuwa yangu? Mbona unaisoma mbele ya baba yangu?"

Afisa aliiweka simu mezani kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Alifungua mkoba, akaufunga, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwao, akitazama barabara ambayo haikuwa na kitu cha kutazamwa.

Mzee alibaki na simu. Mara sitini na moja. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa kichwa kibovu, kumbe kichwa kilikuwa kizima, na kila Jumapili kilikaa mahali fulani mbali, kikangoja saa kumi, kikajifanya kimesahau. Na yeye huku, siku nzima ya Jumapili, alikuwa haendi hata kuoga saa kumi ikikaribia. Mjanja kwa mjanja, wamedanganyana mwaka mzima.

"Baba," binti akasema. "Kataa."

"Mama..."

"Kataa tu. Watafunga chumba, na wafunge. Mimi nitakuletea hela za kula. Namba ni yangu, nimesema ikae kwako."

Ungekuwa wewe ungekataa. Hata Mzee alitaka kukataa, neno lilishafika kwenye meno. Lakini moyoni akamwona Fundi kama alivyosimama siku ile pale penye benchi, hataki kukaa.

"Mama, nikuambie kitu. Nilisomea mtu tarakimu zisizo zake."

"Za nani?"

Akamweleza. Hakuruka kitu, hata kule kuigiza sauti mezani, mbele ya watoto. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa mwaka mmoja na ushee kumweleza binti yake jambo lenye mwanzo na mwisho. Binti hakumkatiza.

"Yule mama naye alinichagua," Mzee akasema. "Kama wewe. Wote mlinichagua, na mimi nikawa mtu wa kuchaguliwa, nikajisahau. Weka namba yako, mama."

"Na tukishaweka?"

Mzee akasema, "Zitaisha muda wake hizi. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Akasoma. Siku hiyo hakusoma mbilimbili, alisoma moja moja. "Tisa." Akangoja. "Sifuri." Akangoja. "Tatu." Mlangoni afisa alikuwa ameinamisha kichwa. "Tatu tena." "Nane." Ya mwisho aliishika mdomoni muda mrefu mpaka binti akauliza kama laini imekatika.

"Moja," akasema Mzee.

"Imekubali."

"Haya, mama."

"Haya, baba."

Afisa alirudi mezani, akaandika jina la mwisho kwenye orodha kwa mkono, akaweka alama ya vema. Alitaka kusema kitu. Alisema, "Mzee, nimekosea leo. Nitaliandika hilo pia." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, aliliandika kwenye ripoti yake, na wanasema lilimletea barua ya onyo. Halafu akaenda zake, na benchi likabaki tupu lote, nafasi za watu wanne, watano wakiwa wembamba.

*

Jumapili iliyofuata Mzee alioga saa kumi kasoro robo, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kutooga. Alitoka mbiombio na sabuni masikioni, kwa kuwa mwili hausomi sheria. Simu ilikuwa kimya. Saa kumi ikapita, na robo ikapita. Barabarani watoto walicheza mpira wa matambara, wakaitwa nyumbani mmoja mmoja kwa majina yao.

Alifikiri binti atapiga tu. Halafu akafikiri: atapiga aseme nini? Sababu walikuwa nayo moja, na serikali imeichukua, na yeye ndiye aliyeikabidhi. Akajua kwamba huko mbali nako kuna mtu amekaa na simu anafikiri hivyo hivyo. Ni watu wawili wenye siri moja, na hakuna mwenye kuwatumia tarakimu za kuifungua.

Akatafuta sababu. Angesema mashine ya fotokopi imeshika moto. Lakini binti angeuliza moto ulikuwa mkubwa kiasi gani, na yeye angeshindwa kujizuia, angeunguza mtaa mzima. Angesema anaumwa. Hapana, ugonjwa katika nyumba ile haukuwa kitu cha kutania. Angeuliza dawa ya kikohozi, lakini hana kikohozi. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikatoka cha uongo hata yeye akakionea aibu.

Saa kumi na moja kasoro kumi akabonyeza jina la binti yake bila sababu yoyote. Hakuwahi kumpigia tangu siku ile ya mazishi. Siku zote alikuwa wa kupigiwa. Simu iliita mara nne.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna."

"Umeanguka? Wamekufungia?"

"Hapana. Hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa, mama. Nimepiga tu."

Mzee alikaza masikio, akisikiliza kama laini itakata. Haikukata. Kwa mbali, nyuma ya pumzi za binti, maji yalikuwa yakianguka kwenye kitu cha plastiki.

"Nini hicho kinachomwagika?" akauliza.

"Bomba. Nafua."

"Unafua nini saa hizi?"

"Mashuka."

"Mangapi?"

"Baba, mashuka mangapi ya nini?"

"Nauliza tu."

Bomba likafungwa, na kiti kikaburutwa sakafuni huko mbali, mtu akakaa.

"Manne," akasema. "Moja lina doa halitoki."

"Doa la nini?"